Nondo Nilizochomelea Mwenyewe

Madirisha yale niliyatambua kabla hata sijashusha tranka la binti yangu. Kila fundi wa kuchomelea ana mwandiko wake, na wangu wa zamani ulikuwa ua la pembe nne katikati ya grili, ambalo nilikuwa nalipinda kwa mkono kabla sijapata mashine. Miaka tisa nyuma nilipewa kazi ya bweni hilo: madirisha 22 na mlango mmoja wa chuma. Mwenye kazi alitaka nondo za milimita 12 zilizobanana, mtu asiingie wala asitoke. Nikamfanyia hivyohivyo, nikalipwa, na hela ile ndiyo iliyoninunulia grenda ya kwanza ya karakana yangu hapa Majengo, Moshi. Siku tunampeleka Neema kuanza kidato cha kwanza nilimwonyesha mama yake lile ua. Nilijivunia.

Naandika kwa mzazi mwenye mtoto bweni, na kwa fundi mwenzangu anayepigiwa simu leo kuchukua vipimo vya madirisha ya bweni. Nilihangaika karibu mwaka mzima ili wasichana wa bweni lile wapate pa kutokea moto ukiwaka, na miezi minne kati ya hiyo niliipoteza kwa kutojua.

Ilianza likizo fupi ya kwanza. Tunakula, Neema akasema, "Baba, matroni akishafunga kwa nje saa nne, ukibanwa na haja kuna ndoo pale pembeni." Alisema kama anayesimulia ratiba ya chakula. Mama yake akauliza ndoo inaoshwa na nani. Mimi nilibaki kwenye yale maneno mawili, kwa nje.

Usiku ule sikulala. Mimi ni mtu wa Rombo. Juni 1994, bweni la wasichana la Shule ya Sekondari Shauritanga lilipoungua na kuua wasichana zaidi ya 40, nilikuwa mtoto wa darasa la tano. Sikuelewa kila kitu kilichosemwa na wakubwa, lakini nakumbuka kwamba tangu wiki ile mama yangu alikataa mshumaa uwake chumbani kwetu baada ya kulala. Tulikuwa tukilala gizani, na mlango akiuacha wazi. Mtoto wa mama yule ndiye aliyekuja kuchomelea grili 22 zisizofunguka kwenye chumba cha wasichana 68. Wakati nachukua vipimo, Shauritanga haikunipitia akilini hata mara moja. Nilikuwa nawaza wezi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa namna nilivyoanza. Kikao cha wazazi kilipofika nilisimama nimejaa hasira. Nikataja Shauritanga. Nikataja Idodi kule Iringa, Agosti 2009, wasichana 12. Nikataja Byamungu, Kyerwa, Septemba 2020, watoto 10. Nilidhani idadi ya marehemu itaufungua mlango ule peke yake. Ukumbi ukanyamaza, kisha mama mmoja akaanza kulia, kisha mzazi mwingine akasimama akasema, "Baba Neema, unaitakia shule yetu mabaya?" Mkuu wa shule akajibu kwa utaratibu kabisa kwamba shule ina cheti cha usalama wa moto, kimetundikwa ofisini, na anayetaka akakione. Watu wakapiga makofi. Jioni nikatuma picha ya kufuli kwenye kundi la wazazi, na kabla ya kulala nilikuwa nimeondolewa.

Aliyelipa ni mwanangu. Mwalimu mmoja alimuuliza mbele ya darasa, "Wewe ndiye mtoto wa yule mzee wa moto?" Siku ya kutembelea wanafunzi alinisubiri getini akaniambia, "Baba, naomba uache." Nilimwahidi sitasimama tena kwenye kikao. Sikumwahidi kuacha. Mzazi ukianza jambo hili, zungumza kwanza na mtoto wako, ajue unachofanya na sababu yake, maana ni yeye anayelala pale wewe ukisharudi nyumbani.

Baada ya hapo nikapotea njia. Mtu aliniambia, tena kwa nia njema, kwamba tatizo ni kutokuwepo kwa sheria, hivyo niombe halmashauri itunge sheria ndogo ya mabweni. Nikaivalia njuga. Nilikwenda kwa mtendaji wa kata, kwa diwani, nikaandika rasimu kwa mkono na kulipa kuichapisha. Nilijifunza kwamba sheria ndogo hupita ngazi nyingi: kata, kamati za halmashauri, baraza la madiwani, wananchi kupewa nafasi ya kutoa maoni, kisha Waziri mwenye dhamana na serikali za mitaa aidhinishe, ndipo itangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Kila wiki nilifunga karakana siku moja kufuatilia. Mwanafunzi wangu wa ufundi alianza kupokea kazi za watu na kuziharibu.

Mwezi wa nne wa kuhangaika huko, mwanasheria mmoja wa halmashauri, kijana mpole, alisoma karatasi zangu zote bila kunikatiza. Alipomaliza akasema, "Mzee wangu, unachoomba kitungwe kipo tangu 2007." Akaniandikia kwenye kipande cha karatasi: Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, Sura ya 427. Ni sheria ya nchi, iliyopitishwa na Bunge, nayo inawapa askari wa zimamoto mamlaka ya kuingia kwenye majengo, kukagua, kuelekeza marekebisho na kutoa cheti. Kukataa kukaguliwa ni kosa. Shule imo, sawa na hoteli, sheli na ghala.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za jengo lile. Miezi minne! Nilikuwa nakimbizana na sheria mpya, na ya zamani haikuwahi kuulizwa kazi yake kwenye bweni la mwanangu. Nawaomba sana wenzangu, kabla ya kudai sheria itungwe, ulizeni ipo ipi na nani kapewa kazi ya kuisimamia. Swali hilo lingenigharimu nauli ya daladala kwenda na kurudi.

Ofisi ya zimamoto sikuingia kama nilivyoingia kwenye kikao. Safari hii niliandika barua ya ukurasa mmoja. Nilieleza mambo manne tu niliyoyaona kwa macho yangu: mlango mmoja unaofungwa kwa kufuli nje kuanzia saa nne usiku, madirisha 22 yenye nondo zisizofunguka, wasichana 68 kwenye chumba hicho, na ufunguo kulala nyumba nyingine. Hakuna neno "uzembe," hakuna jina la mtu. Nikaongeza sentensi moja iliyonichukua siku mbili kuiandika, kwamba nondo hizo nilizitengeneza mimi. Nakala nikaandika kwa mkuu wa shule, kwa afisa elimu sekondari, na kwa ofisi ya uthibiti ubora wa shule. Kila nakala niliipeleka mwenyewe, na kwenye karatasi yangu nikagongewa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.

Muhuri ule naomba usiudharau. Barua mbili za mwanzo, za enzi ya sheria ndogo, niliziacha mapokezi nikaondoka, na nilipozifuatilia hazikuonekana. Barua yenye muhuri haikuniletea majibu kwa siku moja, lakini hakuna aliyeweza tena kuniambia haikufika. Nilipokaa wiki tatu bila jibu nilirudi na nakala yangu mkononi, nikaamkia, nikauliza imefikia wapi. Wiki iliyofuata nikarudi tena. Mara ya nne afisa mmoja akasema, "Fundi, kaa. Tunakwenda Alhamisi."

Kile cheti nilikwenda kukiona kabla ya ukaguzi, na natamani ningekwenda siku ileile ya kikao. Kilikuwa cha kweli, kwenye fremu nzuri, nyuma ya meza ya karani. Tarehe yake ilikuwa imepita miaka mitatu. Cheti cha usalama wa moto ni cha mwaka, shule hukaguliwa tena kila mwaka. Ukiambiwa cheti kipo, nyanyuka ukasome tarehe. Mitungi ya kuzimia moto nayo ilikuwepo, miwili, rangi yake nyekundu inang'aa. Kwenye shingo ya mtungi kuna saa ndogo yenye mshale, na mshale ukiwa kwenye kijani mtungi una mgandamizo wa kutosha. Ya pale yote miwili mshale ulikuwa umelala kwenye nyekundu. Mmoja ulikuwa umefungiwa stoo ya unga.

Alhamisi hiyo niliruhusiwa kuwepo kama mzazi mlalamikaji. Askari walikuwa wawili, kaka na dada, hawakufoka wala kumtisha mtu. Yule dada aliomba wasichana wote waingie, walale vitandani, kisha akapuliza filimbi watoke. Mchana kweupe, wakijua wanatazamwa, wengine wakicheka, ilichukua dakika tatu na nusu wa mwisho kuvuka mlango. Wawili walianguka, kwa kuwa matranka yalikuwa kwenye njia kati ya vitanda vya deka. Ndipo akatueleza kuhusu sponji ya godoro. Ikishika moto hutoa moshi mweusi wenye sumu unaojaza chumba kwa dakika chache, na wengi wanaokufa kwenye moto wa nyumba huuawa na moshi kabla mwali haujawagusa. Akawafundisha wasichana kushuka chini, kutambaa, pua karibu na sakafu ambako bado kuna hewa. Akawapa namba ya dharura, 114, ambayo ni bure kupiga. Mkuu wa shule alikuwa amesimama karibu nami. Nilimwona anahesabu vitanda kwa macho, anafika mwisho, anaanza tena.

Baadaye yule dada akashika nondo ya dirisha, akaitikisa, haikucheza. "Kazi nzuri hii," akasema, hajui. Mwenzake akamnong'oneza. Akaniangalia, akaniuliza kwa upole kama naweza kuzifanya zifunguke. Nikasema naweza.

Taarifa ya ukaguzi ilikuja kwa maandishi, ikiwa na orodha ya marekebisho na muda wa kuyafanya: mlango wa pili upande wa pili wa bweni, milango yote ifungukie upande wa nje, kufuli la nje liondoke, madirisha yawe na grili za kufunguka kutoka ndani, mitungi ijazwe na itundikwe panapofikika, kengele, njia kati ya vitanda iwe wazi, nyaya za umeme zilizounganishwa kiholela ziondolewe, na eneo la kukusanyika litengwe. Karatasi hiyo ndiyo iliyobadilisha mazungumzo. Mpaka siku ile nilikuwa mzazi mkorofi anayebishana na mkuu wa shule. Sasa mkuu alikuwa na barua ya kwenda nayo kwa mwenye shule kuombea fedha, na nikaja kugundua kwamba muda wote huo hata yeye alikuwa hana cha kumwonyesha bosi wake. Nilikuwa nimemwona adui kwa miezi.

Kilichobaki kigumu kilikuwa kufuli. Mlango ni tofali na chuma, fedha ikipatikana unawekwa. Kufuli lilikuwa na sababu zake, na sababu hizo zilikuwa na jina la matroni. Nilimfuata nyumbani kwake jioni moja. Alinikaribisha chai, kisha akaniambia, "Baba Neema, msichana mmoja akiruka usiku akapata mimba, nani atafukuzwa kazi? Zimamoto?" Sikuwa na jibu. Mama yule analea wasichana 68 kwa mshahara ambao nisingeutaja hapa bila kumvunjia heshima. Alikuwa anafunga kwa kuogopa jambo analoliona kila mwaka, mimi nikimlaumu kwa jambo ambalo kwa bahati hajaliona. Tulizungumza mpaka giza likaingia. Mwishowe tukakubaliana kupeleka pendekezo la pamoja: chumba kidogo cha mwisho wa bweni, kilichokuwa cha kuhifadhia magodoro, kiwe chake au cha msaidizi wake kila usiku, mlango ufungwe kwa komeo la ndani lisilohitaji ufunguo, na juu ya mlango kuwe na kengele inayolia ukifunguliwa baada ya saa nne. Msichana akitoka usiku, kengele italia na matroni atajua. Moto ukiwaka, komeo anaweza kulivuta hata mtoto wa kidato cha kwanza. Zimamoto walilikubali. Nina hakika kabisa kwamba bila chai ile kufuli lingeondolewa siku ya ukaguzi na kurudishwa wiki iliyofuata.

Kuhusu fedha niseme wazi. Mlango wa pili shule ililipa. Kwa madirisha walisema hawana, wasubiri muhula ujao. Nikajitolea ufundi, wao wanunue vifaa. Mke wangu hakufurahi, na alikuwa na haki, kwani tulikuwa tunadaiwa kodi ya karakana. Kila grili ilihitaji bawaba mbili nzito, komeo la kuinua na kipande cha bati la kulikinga, jumla kama shilingi 18,000 za vifaa, na ufundi ambao kwa mteja ningetoza 25,000. Nilifanya madirisha 12, sita kila upande, kwa majuma matatu ya Jumamosi na Jumapili. Kumi yaliyobaki bado hayafunguki hadi naandika hapa. Mkaguzi aliridhika kwa kuwa kila safu ya vitanda sasa ina dirisha la kutokea. Mimi sijaridhika, na nimeshawaambia.

Mafundi, mtaniuliza kuhusu wezi, na ni swali la haki. Komeo liwe ndani, upande wa mbali na kioo, na bati lifunike pande tatu ili mkono unaopitishwa kutoka nje usilifikie. Liwe kimo cha kifua cha mtoto, siyo chako. Lisiwe la kuzungusha, liwe la kuinua, kwa sababu gizani mtu mwenye hofu hakumbuki kushoto wala kulia. Bawaba ziwe nje, grili ifungukie nje, na chini ya dirisha pasiwe na rundo la mawe au kisiki. Kila mwezi itiwe grisi, la sivyo kutu itaifunga na utakuwa umerudi ulikoanzia. Nilichora yote haya kwenye ubao karakanani.

Dada yangu anaishi Arusha, naye aliniuliza mambo haya yanamhusu vipi wakati mtoto wake anarudi nyumbani kila siku. Nilimjibu kwamba gari la shule ni chumba chenye mlango mmoja kinachotembea. Watu wa Arusha hawahitaji kukumbushwa Mei 6, 2017, basi la wanafunzi lilipotumbukia korongoni Karatu, na majeneza yakapangwa Uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Wala Aprili 2024, gari la wanafunzi liliposombwa na maji humohumo jijini. Nilimwambia aanze pale nilipopaswa kuanza mimi: asome stika za gari na tarehe zake, aulize nani anakaa na watoto garini zaidi ya dereva, kisha aandike barua ya ukurasa mmoja na kugongewa muhuri. Vilevile kwa mwenye mtoto mdogo sana, mwaka 2023 Kamishna wa Elimu alitoa waraka uliozuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Kama mwanao wa darasa la pili analala shuleni, omba kukiona kibali hicho.

Zoezi la kwanza la usiku lilifanyika Septemba. Kengele ililia saa sita bila wasichana kuambiwa. Nilikuwa nje, kwenye mti waliouteua kuwa eneo la kukusanyika, pamoja na walinzi na mkuu wa shule aliyevaa koti juu ya kanga ya kulalia. Walitoka milango yote miwili, wengine kwa madirisha, peku, wakikohoa kwa baridi, na wa mwisho alitoka kabla ya dakika moja na nusu kwisha. Matroni akahesabu kwa tochi. Sitini na saba. Akahesabu tena. Sitini na saba. Sitasahau miguu yangu ilivyokuwa. Msichana huyo alipatikana chooni, kengele haisikiki kule. Siku iliyofuata wakaweka ya pili. Neema alinipita kwenye mstari, akanigusa mkono, hakusema kitu.

Wiki iliyopita alikuja mteja anayejenga hosteli ya wanafunzi karibu na Chuo Kikuu cha Ushirika. Vyumba 30, nondo za milimita 12, zilizobanana. Nilimpa bei ya grili za kufunguka, nikamweleza kwa nini sifanyi zile nyingine. Akasema bei ni kubwa na ana haraka, akavuka barabara kwenda kwa fundi jirani. Nilibaki nashika kipimo mkononi kwa muda. Kisha nikaubandua ubao wangu wenye mchoro wa komeo, nikavuka barabara nikiwa nimeubeba.